Komuni yenye meya na isiyo na mkazi: kisa cha Fleury-devant-Douaumont

Kila mwisho wa Desemba, INSEE, taasisi ya taifa ya takwimu ya Ufaransa, hutoa idadi rasmi ya wakazi wa kila komuni nchini humo. Komuni ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala kule. Ina mipaka yake, meya wake, baraza lake na bajeti yake, hata kama watu wake wote wanaenea kwenye meza moja ya chakula. Zipo karibu 35,000, na zaidi ya nusu yake hazifikishi watu 500. Ukiishusha orodha hiyo hadi mkoa wa Meuse, kaskazini-mashariki mwa nchi, utakuta jina Fleury-devant-Douaumont. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 10. Wakazi: 0.

Karani hakukosea. Mkoa huo una komuni sita za namna hiyo: Beaumont-en-Verdunois, Bezonvaux, Cumières-le-Mort-Homme, Fleury, Haumont-près-Samogneux na Louvemont-Côte-du-Poivre. Zote zilifutwa ardhini na vita vya Verdun kati ya Wafaransa na Wajerumani mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na hakuna hata moja iliyofutwa kwenye daftari la serikali. Nimeichagua Fleury kwa sababu ndani yake mambo mawili yanaonekana waziwazi kuliko kwingine. La kwanza, umbo la nchi lililowapa watu sababu ya kukaa pale ndilo hilo hilo lililowaletea maangamizi. La pili, sifuri ile inatokana na uamuzi wa watu wa serikali kama inavyotokana na makombora.

Kijiji kwenye mbonyeo

Mji wa Verdun umekaa kando ya mto Meuse. Ukitoka mjini kuelekea kaskazini-mashariki, barabara inapanda Côtes de Meuse, safu ya vilima vya mawe ya chokaa inayoufuata mto upande wake wa mashariki. Juu huko nchi haijanyooka. Kuna migongo mirefu, na kati ya mgongo na mgongo kuna makorongo membamba yenye miteremko mikali. Ukiivuka safu nzima, ardhi inateremka ghafla hadi kwenye uwanda wa Woëvre, nchi ya udongo mzito wa mfinyanzi na mabwawa. Aliyesimama juu anauona uwanda wote, na aliyeko uwandani anaona ukuta wa vilima tu.

Fleury ilikuwa juu ya vilima hivyo, kilomita saba hivi kutoka Verdun, kwenye mbonyeo kati ya kilima cha Souville upande wa kusini na mgongo wa Thiaumont upande wa kaskazini. Kwa mkulima, mahali kama hapo panafaa: upepo haukupigi moja kwa moja, mashamba yako karibu, misitu ya kuni iko pembeni, na barabara ya kwenda mjini inapita mlangoni. Baadaye reli nyembamba ikaletwa na kijiji kikapata stesheni yake. Mwaka 1913 kilihesabiwa kuwa na watu 422, yaani kama watu 40 kwa kila kilomita ya mraba. Kwa Ufaransa ya mashambani ya wakati ule, hicho kilikuwa kijiji cha kawaida kabisa.

Ukawaida wenyewe unaonekana leo kwenye vibao. Njia za miguu zimechongwa msituni kufuata mitaa ya zamani, na kando yake vimesimikwa vibao vya kuonyesha kila kitu kilikuwa wapi: duka la mikate, duka la vyakula, mgahawa, karakana ya mhunzi, shule, ofisi ya meya, birika la kufulia nguo, shamba la fulani. Anayetembea anasoma jina la shughuli, kisha anatazama shimo lenye nyasi. Hakuna ukuta uliosimama. Nimeona picha nyingi za magofu ya vita, na karibu zote zina angalau kipande cha mnara au kizingiti cha mlango. Fleury haina hata hicho. Mawe ya nyumba yalisagwa yakachanganyika na udongo.

Kuna jambo ambalo wasimuliaji wengi wa Verdun hulipita haraka, nami nadhani linastahili kusimamiwa kidogo. Mashambani mwa Meuse watu walikuwa wakipungua tangu zamani, kabla ya kombora lolote. Sensa ya 1851 iliukuta mkoa ukiwa na watu wapatao 328,000. Ile ya 1911 ilikuta wapatao 278,000. Vijana walikuwa wakihamia Paris, na wengine kwenye viwanda vya chuma vya Lorraine, na familia zilikuwa zikizaa watoto wachache. Baada ya vita, sensa ya 1921 ilikuta watu kama 207,000, na leo mkoa mzima una kama 180,000. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba, pasipo vita, Fleury ingekuwa mji mdogo wenye pilikapilika. Yawezekana leo ingekuwa na watu mia moja au chini, shule imefungwa, duka la mikate limegeuzwa kuwa nyumba ya mapumziko ya mtu wa mjini. Vita vilichofanya ni kuvunja mwendo uliokuwa ukienda polepole na kuumaliza kwa miezi michache.

Kilima kinachotazama mjini

Ufaransa iliposhindwa na Wajerumani mwaka 1871, ilipoteza Alsace na sehemu ya Lorraine. Mpaka ukasogea magharibi na Verdun ikajikuta mji wa mstari wa mbele. Jeshi likaanza kujenga ngome juu ya kila kilima muhimu kuuzunguka mji, Souville na Douaumont zikiwa miongoni mwake. Wakulima wa Fleury wakawa wanalima katikati ya ngome. Bila shaka wenye maduka walifaidika kidogo na askari na mafundi waliopita. Lakini kijiji hakikuwa tena kijiji tu. Kwenye ramani ya majenerali kilikuwa pengo kati ya kilima na kilima.

Asubuhi ya tarehe 21 Februari 1916 mizinga ya Ujerumani ilianza kupiga. Wakazi wa Fleury waliamriwa kuondoka siku hiyohiyo, katikati ya majira ya baridi, na kile walichoweza kubeba. Ngome ya Douaumont ilianguka siku nne baadaye. Ngome ya Vaux, upande wa mashariki, ilianguka tarehe 7 Juni. Hapo ndipo jiografia ya Fleury ilipogeuka kuwa hukumu. Kwa Wajerumani waliokuwa Douaumont, njia fupi ya kuingia Verdun ilipita Thiaumont, ikashuka kwenye mbonyeo wa Fleury, kisha ikapanda Souville. Anayeishika Souville anautazama mji wa Verdun chini yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Juni Wajerumani walifyatua makombora mengi ya gesi ya sumu kwenye mizinga ya Wafaransa, na asubuhi askari wa miguu wakasonga. Tangu siku hiyo hadi tarehe 18 Agosti, Fleury ilibadilisha mikono mara 16. Idadi hiyo hurudiwarudiwa hadi imepoteza uzito wake, basi tuiweke hivi: kwa wiki nane, mahali penye ukubwa wa mtaa mmoja pamekuwa pa Wafaransa, pa Wajerumani, pa Wafaransa, pa Wajerumani, na kila kupokezana kulitanguliwa na mizinga ya upande mmoja kupiga pale pale ilipopiga mizinga ya upande wa pili. Kombora la kwanza lilivunja nyumba. La kumi lilirusha vifusi. La mia lilichimba shimo pale ambapo vifusi vilikuwa vimejaza shimo la awali. Ndiyo maana hakukubaki hata kizingiti.

Kikosi kilichoikomboa Fleury tarehe 18 Agosti kilikuwa Kikosi cha Askari wa Miguu wa Kikoloni cha Morocco. Licha ya jina, wengi wa askari wake walikuwa Wafaransa. Kikosi hichohicho ndicho kilichoitwaa tena ngome ya Douaumont tarehe 24 Oktoba, safari hii kikiwa kimeongezewa batalioni ya 43 ya askari wa Senegal na kampuni mbili za Wasomali. Wasomali hao walikuwa wa batalioni iliyoundwa mwaka huohuo huko Majunga, Madagaska, kwa watu walioandikishwa katika koloni la Ufaransa ambalo leo ni Jibuti. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki haya hayako mbali sana. Fleury ilipokuwa ikikombolewa, majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yalikuwa yakisonga kuelekea Morogoro, waliyoiingia tarehe 26 Agosti 1916, na nyuma yao maelfu kwa maelfu ya wapagazi ambao wengi wao hakuna aliyewaandikia kaburi.

Uamuzi wa kutorudi

Vita vilipokwisha, watu waliohamishwa waliuliza swali la kawaida la mkimbizi yeyote: tunarudi lini? Kwa vijiji vingi vya kaskazini na mashariki mwa Ufaransa jibu lilikuwa la kutia moyo. Mahandaki yalifukiwa, makombora yakaokotwa, na nyumba zikajengwa upya kwa matofali mapya juu ya misingi ya zamani. Ukizunguka leo utakuta vijiji vizima vyenye makanisa ya miaka ya 1920.

Fleury haikupewa jibu hilo. Sheria ya tarehe 17 Aprili 1919 kuhusu fidia ya hasara za vita iliweka kanuni ya kihasibu: pale ambapo gharama ya kuirudisha ardhi katika hali ya kulimika inazidi thamani ya ardhi yenyewe, serikali inaweza kuinunua. Maeneo kama hayo yakapakwa rangi nyekundu kwenye ramani, na mpaka leo huitwa ukanda mwekundu. Mwenye shamba Fleury alipokea malipo na shamba likawa mali ya taifa. Tukitazama karatasi peke yake, ni biashara halali iliyofuata sheria. Tukimtazama mtu aliyekuwa na nyumba, kisima na kaburi la babu yake pale, aliambiwa kwa hesabu kwamba kwao hakurudiki.

Je, kweli hakukurudika? Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo mepesi yanayosema kijiji kilikufa kwa sababu ardhi ilikufa. Vijiji vya Verdun ambavyo havikujengwa upya palepale vilikuwa tisa. Vaux-devant-Damloup kilijengwa tena umbali mfupi kutoka mahali pake pa zamani, kikapata wakazi. Douaumont na Ornes zimekuwa na watu wachache sana, wa kuhesabika kwa vidole, lakini wapo. Sita zilizobaki hazina mtu. Ardhi ya tisa hizo ilipigwa na vita vilevile. Tofauti ilitokana na kipande cha ardhi kilichonusurika hapa na pale, na pia na watu wangapi walikaza kurudi, na serikali ilitaka nini mahali hapo. Na serikali ilitaka, hasa katika eneo la Fleury, Douaumont na Thiaumont, pawe mahali pa kumbukumbu. Ukishaamua kwamba uwanja ni wa kumbukumbu, mtu anayetaka kulima viazi katikati yake anakuwa kero.

Sheria ya tarehe 18 Oktoba 1919 ndiyo iliyozaa hali ya ajabu tunayoiona. Badala ya kuviunganisha vijiji hivyo na majirani, kama ilivyofanyika mara nyingi kwa komuni zilizokosa watu, bunge lilivipa kila kimoja kamati ya kushika nafasi ya baraza, pamoja na mwenyekiti mwenye mamlaka ya meya. Vikatangazwa kuwa vimekufa kwa ajili ya Ufaransa, heshima ileile anayopewa askari aliyeanguka vitani. Kwa maneno mengine, kijiji kilipewa cheti cha kifo, na cheti hichohicho kikakikatalia kuzikwa.

Meya anaongoza nini

Kamati ya Fleury ina watu watatu. Kwa kuwa hakuna mpiga kura, huteuliwa na mkuu wa mkoa kila baada ya uchaguzi wa mabaraza ya komuni, ambao kwa kawaida hufanyika kila miaka sita. Komuni ndogo yenye watu chini ya mia moja kwa kawaida huchagua madiwani saba, kwa hiyo watatu si wachache kama inavyosikika. Mwenyekiti huvaa ukanda wa rangi tatu begani siku za sherehe kama meya mwingine yeyote, husaini maamuzi na hupeleka bajeti. Fleury imo pia katika umoja wa komuni wa Grand Verdun, maana sheria ya Ufaransa inaitaka karibu kila komuni iwe katika umoja wa namna hiyo.

Kazi zenyewe ni za matunzo. Baada ya vita kikanisa kidogo kilijengwa mahali pa kijiji, nacho kinahitaji paa lisivuje. Njia zinahitaji kufyekwa, vibao vinahitaji kusomeka, na kumbukumbu ya kila mwaka inahitaji kuandaliwa. Wanaojitolea katika kamati hizi mara nyingi ni watu wenye asili ya vijiji hivyo, wajukuu na vitukuu wa waliohamishwa. Wanakaa Verdun au komuni za jirani, na wanaiongoza komuni ambayo sheria haimruhusu mtu kujenga nyumba ya kulala.

Ni vizuri kuilinganisha Fleury na Rochefourchat, katika mkoa wa Drôme, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Kwa miaka mingi takwimu rasmi ziliipa mkazi mmoja. Kule sababu ni milima, umaskini wa ardhi na watu kuhama kizazi baada ya kizazi. Rochefourchat inaweza kupata mkazi wa pili kesho asubuhi, mtu akinunua nyumba na kuhamia. Ina wapiga kura wake, kwa sababu Ufaransa inamruhusu anayelipa kodi za komuni kujiandikisha hata kama haishi hapo muda wote. Fleury haina mlango huo. Mtu mmoja na sifuri vinaonekana kama majirani kwenye jedwali, lakini kiutawala vimetengana kabisa: yule mmoja yuko ndani ya sensa, na ile sifuri imefungwa na sheria ya ardhi.

Njia ya kuhesabu yenyewe inaonyesha hilo. Tangu 2004 INSEE imeacha sensa ya siku moja kwa nchi nzima. Komuni zenye watu chini ya 10,000 zimegawanywa katika makundi matano, na kila mwaka kundi moja huhesabiwa nyumba kwa nyumba, hivyo kila komuni ndogo inafikiwa mara moja katika miaka mitano. Miji mikubwa huhesabiwa sampuli kila mwaka. Utaratibu huu umewekwa ili kunasa mabadiliko madogo ya vijijini, familia iliyohama, mzee aliyefariki, mtoto aliyezaliwa. Kwa Fleury hauna cha kunasa. Idadi yake, pamoja na ya wenzake watano, ni ya kudumu kuliko namba nyingine yoyote katika orodha nzima.

Wakazi wa chini

Ndani ya mipaka ya Fleury kuna makaburi ya taifa yaliyo mbele ya jengo kubwa la kuhifadhia mifupa la Douaumont. Watu wengi huyaita makaburi ya Douaumont, lakini ramani inayaweka upande wa Fleury. Yana zaidi ya makaburi 16,000 ya askari wa Ufaransa, misalaba myeupe kwa safu, na sehemu yenye makaburi 592 ya Waislamu ambayo vibao vyake vimeelekezwa Makka. Mwaka 2006 Rais Jacques Chirac alizindua mnara wa kumbukumbu ya askari Waislamu karibu na hapo, miaka 90 baada ya wao kufa. Ndani ya jengo la mifupa lenyewe kuna mabaki ya askari wapatao 130,000 wasiojulikana, Wafaransa na Wajerumani, waliokusanywa uwanjani. Mbele ya makaburi hayo ndipo François Mitterrand na Helmut Kohl waliposimama wameshikana mikono mwezi Septemba 1984.

Kwa hiyo komuni yenye wakazi sifuri ni moja kati ya sehemu zenye watu wengi zaidi waliolala pamoja nchini. Na hesabu ya waliolala bado haijafungwa. Mwaka 2013, Fleury hapohapo, watalii kutoka Ujerumani waliona mifupa imejitokeza. Uchimbaji ukafanyika na mabaki ya askari 26 wa Ufaransa yakapatikana katika chumba cha chini cha nyumba ya shamba iliyokuwa kijijini. Chumba hicho kilikuwa kimetumika kama kimbilio. Baadhi yao walitambuliwa kwa vipande vya chuma vyenye majina walivyovaa, karibu miaka mia moja baada ya familia zao kuambiwa kwamba hawajulikani walipo. Kisa hiki kinaeleza kuliko maelezo mengi ya jumla kwa nini serikali haitaki tingatinga Fleury.

Jengo la makumbusho la Verdun, lililofunguliwa mwaka 1967 na kufunguliwa upya mwaka 2016 baada ya ukarabati mkubwa, nalo liko ndani ya Fleury, pale ilipokuwa stesheni ya reli. Nadhani hakuna sehemu ya kisa hiki inayoonyesha mgeuko wa uchumi wa mahali hapa kuliko hii. Stesheni ilikuwa ya kupeleka mazao na watu mjini. Sasa mahali pale pale panapokea mabasi ya wanafunzi na watalii kutoka mjini. Wafanyakazi wake, walinzi, waelekezaji na wauza tiketi wote wana kazi Fleury na makazi kwingine. Mchana komuni ina watu. Jioni inarudi sifuri.

Ardhi iliyobaki

Juu ya ardhi iliyonunuliwa serikali ilipanda msitu. Miche mingi ilikuwa misonobari myeusi ya Austria, baadhi ikitolewa kama sehemu ya fidia ya vita, kwa sababu mti huo huvumilia udongo mbaya wa chokaa. Msitu wa Verdun una takriban hekta 10,000, na zaidi ya miti milioni 30 ilipandwa katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kuanzia miaka ya 1970 idara ya misitu ya taifa imekuwa ikiuvuna msonobari uliokomaa na kuupisha mti wa majani mapana wa asili ya vilima hivyo.

Chini ya miti hiyo uso wa nchi wa 1916 umehifadhiwa kuliko ungehifadhiwa na kitu kingine chochote. Shamba lililolimwa kwa trekta husawazishwa ndani ya miaka michache. Msitu haulimwi. Vipimo vya leza kutoka angani, vilivyofanyika mwaka 2013, vilivua miti kwenye picha na kuonyesha mashimo ya makombora, mahandaki na njia za vifaa kwa idadi ambayo hakuna mtu angeweza kuichora kwa miguu. Ukitembea Fleury leo hukanyagi mahali pa usawa hata hatua tatu.

Mashimo hayo yamepata wapangaji wao. Udongo ulioshindiliwa na milipuko hushika maji ya mvua, na vidimbwi hivyo vya muda ni makazi mazuri ya chura mwenye tumbo la manjano, mnyama mdogo aliye adimu sehemu nyingi za Ulaya Magharibi na anayelindwa kisheria. Popo nao wamejaa kwenye vyumba vya ngome. Ni jambo la kuwashangaza wanaoita ukanda mwekundu jangwa. Sumu ipo, tena si kidogo: wataalamu wa serikali wa kutegua mabomu bado huokota makombora mkoani kila mwaka, na katika msitu wa Spincourt, kaskazini-mashariki mwa hapo, kuna mahali palipotumika kuchoma makombora ya kemikali baada ya vita ambapo udongo wake una aseniki nyingi kiasi kwamba karibu hakuna mmea unaoota. Lakini Fleury siyo Spincourt. Watu huchanganya maeneo hayo mawili na kuhitimisha kwamba Fleury haina wakazi kwa sababu ya sumu. Sababu ya leo ya kutokuwa na wakazi ni kwamba ardhi ni ya serikali, ni msitu, ni kaburi, na ni eneo la kumbukumbu linalolindwa. Hata ukiuosha udongo wote, kibali cha kujenga hukipati.

Kuna wanaouliza kama haya yana maana tena. Serikali ya Ufaransa kwa miaka mingi imekuwa ikizihimiza komuni ndogo ziungane ili kupunguza gharama. Jirani wa Fleury walifanya hivyo: tarehe 1 Januari 2019 Douaumont na Vaux-devant-Damloup ziliungana kuwa Douaumont-Vaux, na jina la ngome maarufu kuliko zote likabaki likiwa nusu ya jina la komuni. Kwa mantiki ya mhasibu, sita zilizo tupu zingekuwa za kwanza kuunganishwa. Sioni likitokea karibuni. Komuni isiyo na watoto wa shule, wala maji ya bomba ya kusambaza, wala taka za kuzoa, haina gharama ya kuokoa. Na kuunganishwa kunahitaji baraza la kupiga kura ya kujimaliza, wakati mabaraza haya yaliundwa kwa kazi moja tu ya kutojimaliza. Hatari iliyo karibu zaidi ni ya kutafuta watu watatu kila baada ya miaka sita ambao bado wanajiona ni wa Fleury, kwa kuwa kila uteuzi unawakuta vitukuu wachache kuliko uliotangulia, na sheria haisemi lazima wawe na damu ya kijiji.